Swali la Mwanafunzi wa Magamba

1. Njia ya Magamba

Ninyi mkaao Lukozi mwaijua vema njia ya kwenda Lushoto. Magari yaliyojazwa viazi, kabichi na karoti huondoka sokoni kwenu, hupita Magamba penye msitu mkubwa, ambapo ukungu hukaa hata jua likiisha panda, kisha huteremka kwa mizunguko mingi mpaka mjini. Watu wengi hupita Magamba wakiwa na haraka zao, wala hawafikiri kwamba mahali hapo palitoka jina linalotajwa leo katika vyuo vikuu vya Ulaya, Marekani na Asia. Jina hilo si la mfalme wala la tajiri. Ni jina la mwanafunzi wa sekondari, naye alilipata kwa sababu ya maziwa kidogo na swali moja.

Mwanafunzi huyo aliitwa Erasto Mpemba. Mwaka 1963 alikuwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari ya Magamba. Nchi yetu, iliyokuwa ikiitwa Tanganyika, ilikuwa imepata uhuru mwaka 1961, na shule za sekondari zilikuwa chache bado. Kijana aliyefika kidato cha tatu alihesabiwa kuwa mwenye bahati. Basi sikilizeni habari zake, maana zina mafundisho kwa kila mtoto ashikaye kalamu, na kwa kila mwalimu ashikaye chaki.

2. Maziwa ya moto na maziwa baridi

Wavulana wa Magamba walikuwa na desturi ya kujitengenezea aiskrimu. Kazi hiyo ilikuwa na utaratibu wake. Kwanza walichemsha maziwa na kuyachanganya na sukari. Kisha waliyaacha yapoe. Na yalipokwisha kupoa, ndipo walipoyatia katika sehemu ya kugandishia barafu ndani ya jokofu. Hawakutia maziwa ya moto, kwa maana ilisemwa kwamba kitu cha moto huweza kuliharibu jokofu. Lakini nafasi ilikuwa ndogo na wavulana walikuwa wengi, hata ikawa kila mara wanashindana mbio ili kuipata.

Siku moja Mpemba alinunua maziwa kwa wanawake wa jirani, akaanza kuyachemsha. Mwenzake mmoja, aliyekuwa na maziwa yake pia, alipomwona hivyo aliona kwamba atachelewa. Akatia sukari upesi katika maziwa yake bila kuyachemsha, akayamimina katika trei, akakimbilia jokofu. Mpemba akatazama, akaona imebaki trei moja tu. Akingoja maziwa yake yapoe, mwingine ataichukua. Akakata shauri kuyatia hivyo hivyo yakiwa ya moto, lije litakalokuja.

Baada ya muda wa saa moja na nusu wakarudi wote wawili kutazama. Maziwa ya Mpemba, yaliyoingia yakiwa ya moto, yalikuwa yameganda na kuwa aiskrimu. Maziwa ya mwenzake, yaliyoingia yakiwa baridi, yalikuwa mazito tu, hayajaganda.

Wengine wangaliifurahia aiskrimu yao, wakailamba, wakasahau. Mpemba aliila aiskrimu, lakini hakusahau.

3. Jibu la kwanza

Akamwendea mwalimu wake wa fizikia, akamwuliza kwa nini maziwa ya moto yametangulia kuganda. Mwalimu akamjibu kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Mpemba akalikubali jibu hilo kwa wakati ule, maana mtoto aliyelelewa vema hashindani na mwalimu wake.

Tusimhukumu mwalimu yule upesi. Alikuwa na sababu, nayo ni sababu ambayo kila mwenye akili angeiona. Fikirini safari yenu ya Lushoto. Mtu mmoja aondoka Lukozi, na mwingine aondoka Magamba, wote wawili waenda Lushoto kwa mwendo mmoja. Yule wa Lukozi sharti apite Magamba kwanza, na wakati anapofika Magamba, mwenzake amekwisha kwenda mbele. Atawezaje kumtangulia? Ndivyo ilivyo kwa joto. Maziwa ya moto, kabla ya kuganda, sharti yapite kwanza katika hali ya uvuguvugu, kisha katika hali ya ubaridi, ambayo maziwa ya mwenzake yalikuwa nayo tangu mwanzo. Akili yasema kwamba yatachelewa. Lakini macho ya Mpemba yalikuwa yameona jambo jingine.

Hapo ndipo penye kiini cha habari hii. Akili ikisema hivi na macho yakisema vile, mtu afanye nini? Wako wanaoyadharau macho yao, na wako wanaoidharau akili. Mwenye busara hufanya jambo la tatu: hurudia kutazama, kwa uangalifu kuliko mara ya kwanza.

4. Wauza aiskrimu wa Tanga

Baadaye Mpemba alikutana na rafiki yake aliyekuwa akitengeneza na kuuza aiskrimu mjini Tanga. Akamwuliza desturi yake. Rafiki akamwambia kwamba yeye hutia mchanganyiko wake ukiwa bado wa moto, maana hivyo huganda upesi, na kazi yake hutoka mapema. Mpemba akawauliza wauzaji wengine pale pale Tanga, nao wakasema vivyo hivyo.

Angalieni jambo hili. Mafundi wale walilijua jambo kwa mikono yao. Walilitumia kila siku kupata riziki, wala hawakuwa na haja ya kuuliza sababu yake. Mwalimu naye aliijua kanuni kutoka vitabuni, wala hakuwa na haja ya kufungua jokofu. Elimu ya fundi ilikaa upande wake, na elimu ya kitabu ikakaa upande wake, hazikuonana. Mpemba alisimama katikati. Alikuwa na kazi ya mikono, maana alichemsha maziwa mwenyewe. Tena alikuwa na somo la darasani, maana alijua kwamba jambo lenye kutokea lina sababu. Mtoto anayewasaidia wazazi wake kupika, kushona, kusuka mikeka au kutengeneza jembe asidhani kwamba kazi hiyo iko mbali na masomo yake. Huenda swali lake liko mle mle katika chungu au katika tanuri.

5. Kejeli za Iringa

Mpemba akafaulu mtihani wake, akachaguliwa kwenda Shule ya Mkwawa, Iringa, kuendelea na masomo ya juu. Huko wakafundishwa habari za joto na kanuni ya Newton ya kupoa kwa vitu. Kanuni hiyo yafundisha kwamba kadiri kitu kinavyozidi kwa joto lile joto la mahali kilipo, ndivyo kinavyopoa upesi. Mpemba akaona wakati umefika wa kuuliza tena. Akauliza.

Mwalimu wa huko akamjibu kama yule wa kwanza. Mpemba hakunyamaza, akaendelea kueleza aliyoyaona. Mwisho mwalimu akasema kwamba hiyo basi ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Darasa likacheka. Tangu siku ile, alipokosea hesabu, wenzake walimwambia kwamba hiyo ni hesabu ya Mpemba. Na alipokosea jambo lingine lo lote, wakalipa jina lake vivyo hivyo.

Kicheko cha wenzako ni kizito kuliko fimbo, kwa maana maumivu ya fimbo huisha jioni. Wanafunzi wengi wameyameza maswali yao kwa kuogopa kicheko, nasi hatutajua kamwe maswali hayo yalikuwa yapi. Lakini Mpemba alikuwa na tabia njema mbili pamoja. Hakuwajibu kwa matusi, wala hakuliacha swali lake. Alasiri moja alikuta chumba cha maabara ya biolojia kiko wazi. Akatwaa vyombo viwili vidogo vilivyo sawa, akatia maji ya bombani katika kimoja, na maji ya moto katika cha pili, akaviweka vyote katika sehemu ya barafu ya jokofu. Baada ya saa moja akarudi. Maji yote hayakuwa yameganda, lakini katika chombo kilichotiwa maji ya moto barafu ilikuwa nyingi zaidi.

Sasa hakuwa tena na habari ya maziwa na sukari peke yake. Alikuwa na jaribio.

6. Mgeni kutoka Dar es Salaam

Wakati ule Daktari Denis Osborne, mwalimu wa fizikia katika chuo kikuu cha Dar es Salaam, alikuja Mkwawa kuzungumza na wanafunzi. Alipomaliza, akawapa nafasi ya kuuliza. Mpemba akasimama mbele ya wote waliokuwa wakimcheka. Akauliza: ikiwa vyombo viwili vilivyo sawa vina maji ya kiasi kimoja, chombo kimoja maji yake yana joto la nyuzi 35, na cha pili nyuzi 100, navyo vikatiwa pamoja katika jokofu, mbona yale ya nyuzi 100 hutangulia kuganda?

Mgeni akatabasamu, akamwuliza kama ni kweli. Mpemba akasema ni kweli. Akamwuliza tena kama amelifanya jaribio hilo mwenyewe. Akasema amelifanya. Ndipo Daktari Osborne akajibu kwamba yeye hajui sababu, lakini atakaporudi Dar es Salaam atalijaribu jambo hilo.

Mgeni alipokwisha kwenda, wenzake walimlaumu Mpemba kwamba amewaaibisha mbele ya mtu mkubwa. Yeye akamwomba msimamizi wa jiko la shule ruhusa ya kutumia jokofu la jikoni, akaendelea kujaribu.

Huko Dar es Salaam Daktari Osborne aliitimiza ahadi yake. Alimwagiza msaidizi wake wa maabara alifanye jaribio hilo, na msaidizi akaona kwamba ndivyo ilivyo, maji ya moto yametangulia. Kisha wakapima vizuri zaidi, wakitumia vyombo vya kioo vilivyo sawa na maji ya joto la namna mbalimbali. Wakaona kwamba maji yaliyoanza na joto la nyuzi 25 ndiyo yaliyochelewa kuliko yote, na yale yaliyoanza na nyuzi 90 yaliganda kwa muda mfupi zaidi sana.

Mwaka 1969 habari hizi zilichapishwa Uingereza katika jarida la walimu wa fizikia liitwalo Physics Education. Majina mawili yaliandikwa juu yake: Mpemba na Osborne. Wakati huo Mpemba alikuwa mwanafunzi wa chuo cha wanyama wa pori kilicho karibu na Moshi. Tangu hapo jambo hili huitwa kwa jina lake, na yale maneno ya kejeli, fizikia ya Mpemba, yamekuwa maneno ya heshima.

7. Sababu ni nini?

Mtauliza: sababu yake ni nini basi? Wataalamu wametoa majibu mengi, nao hawajapatana mpaka leo. Turudi katika njia ya Magamba ili tufahamu.

Yule mtu wa Lukozi, akifika Magamba, je, yu sawasawa na yule aliyeanzia Magamba? Si lazima. Huenda njiani ameupunguza mzigo wake. Maji ya moto hutoa mvuke mwingi, na mvuke huondoka na joto, tena hupunguza maji yenyewe. Maji machache huganda upesi kuliko maji mengi. Lakini Osborne alipopima aliona kwamba maji yaliyopungua yalikuwa kidogo, hayatoshi kueleza jambo lote.

Wengine husema habari ya mzunguko. Maji ya moto huzunguka ndani ya chombo, ya chini yakipanda na ya juu yakishuka, na hivyo joto hutoka zaidi kwa juu. Osborne alimimina mafuta kidogo juu ya maji ili kuyafunika, na maji hayo yakachelewa sana kuganda. Kwa hiyo akajua kwamba sehemu kubwa ya joto hutokea kwa juu. Tena kuna hewa iliyomo ndani ya maji, ambayo hutoka maji yanapochemka. Na ikiwa chini ya trei pana utando wa barafu, trei ya moto huweza kuuyeyusha na kukaa vizuri juu ya chuma baridi, hali trei baridi hukaa juu ya utando ule kama mtu aliyelala juu ya godoro.

Yapasa pia mjue kwamba jambo hili halitokei kila mara. Mwaka 1969 ule ule, mtaalamu mmoja wa Kanada aitwaye Kell aliandika habari za maji ya moto na maji baridi, na zamani sana Aristotle wa Uyunani na Francis Bacon wa Uingereza walikwisha kulitaja. Lakini mwaka 2016 Burridge na Linden, wataalamu wa Uingereza, waliandika kwamba walipopima kwa uangalifu hawakuona uthibitisho wa kutosha kwa maji ya kawaida. Mwaka 2020 Kumar na Bechhoefer, wa chuo kikuu kimoja cha Kanada, hawakutumia barafu, bali punje ndogo mno ndani ya maji, wakaonyesha kwamba kitu chenye joto zaidi huweza kweli kutangulia kupoa.

Hivyo swali la mwanafunzi wa Magamba li hai bado. Mtu asidhani kwamba mabishano haya yamemwondolea Mpemba heshima yake. Yeye hakudai kwamba anajua kila kitu. Alisema neno moja tu: nimeona hivi, tena nimejaribu, niambieni sababu. Na watu wenye shahada kubwa wameshughulika na neno hilo kwa zaidi ya miaka 50.

8. Vijana wengine

Msifikiri kwamba Mpemba yu peke yake. Huko Malawi, kijana mmoja aitwaye William Kamkwamba aliacha shule ya sekondari wakati wa njaa kubwa ya mwaka 2001 na 2002, kwa kuwa wazazi wake hawakuweza kulipa ada. Hakukaa bure. Alikwenda katika maktaba ndogo ya shule ya msingi karibu na kwao, akasoma kitabu chenye picha za mitambo ya upepo. Kisha akakusanya vitu vilivyotupwa: baiskeli iliyovunjika, feni ya trekta, mabomba ya plastiki, na miti ya mkaratusi, akajenga mtambo uliowasha taa nyumbani kwao. Baadaye alirudi shuleni, akasoma mpaka chuo kikuu.

Katika nchi yetu, mwaka 2011 Gozibert Kamugisha na Joseph Clowry walianzisha Young Scientists Tanzania, ili wanafunzi wa sekondari wapate mahali pa kuonyesha kazi zao za sayansi na ufundi. Na mwaka 2012 maonyesho ya kwanza yakafanyika Dar es Salaam. Huko mwanafunzi husimama mbele ya waamuzi, akaeleza aliuliza nini, alijaribu namna gani, na aliona nini. Mpemba hakuwa na meza ya maonyesho. Alikuwa na nafasi ya kusimama mara moja tu mbele ya mgeni, naye hakuiacha ipite.

9. Jaribio la kufanya ninyi

Wengi wenu hamna jokofu nyumbani. Haidhuru. Asubuhi za Lukozi zina baridi ya kutosha kwa jaribio hili. Mwombeni mtu mzima awamiminie maji ya moto, wala msiyachezee.

Twaeni vikombe viwili vilivyo sawa kwa ukubwa na kwa namna. Tieni maji ya moto kiasi kimoja katika vyote viwili. Funikeni kimoja kwa kisahani, na cha pili kiacheni wazi. Viwekeni mahali pamoja, mbali na moto. Kabla ya kungoja, kila mmoja aandike katika daftari lake ni kipi kitakachotangulia kupoa, na kwa sababu gani. Ikiwa shule ina kipimajoto, pimeni kila baada ya dakika 5 na kuandika. Ikiwa hakuna, gusa nje ya kikombe kwa uangalifu. Mwisho tazameni kama maji yamebaki sawa katika vikombe vyote viwili.

Siku ya pili rudieni tena, kwa maana jambo lililoonekana mara moja halijathibitika. Na ikiwa uliyoyaona ni kinyume cha uliyoyaandika, usifute. Liache neno lako la kwanza pale pale, uandike la pili chini yake.

Wahenga walisema kwamba kuuliza si ujinga. Mwanafunzi akiuliza jambo geni, wenzake wasimcheke. Naye mwalimu asiyejua jibu aseme kama alivyosema Osborne: sijui, lakini nitajaribu.

Maneno ya kujifunza

Mvuke: maji yaliyogeuka kuwa kama moshi kwa sababu ya joto.
Kuganda: kugeuka kutoka hali ya majimaji na kuwa kigumu.
Kanuni: neno lenye kueleza jinsi mambo yanavyotokea siku zote.
Kejeli: maneno ya kumcheka mtu.

Maswali

1. Kwa nini Mpemba aliyatia maziwa yake jokofuni kabla hayajapoa?
2. Elezeni kwa mfano wa njia ya Lushoto kwa nini mwalimu wa kwanza hakusadiki.
3. Wauza aiskrimu wa Tanga walijua nini, na hawakuuliza nini?
4. Osborne alimimina mafuta juu ya maji. Alijifunza nini kwa jambo hilo?
5. Kwa nini Mpemba alitumia vyombo vilivyo sawa? Kungetokea nini kama vingetofautiana?
6. Andikeni jambo moja mliloliona nyumbani au shambani ambalo hamjui sababu yake. Mtalijaribu namna gani?